Anwani ya IP ya mgeni wa tovuti na jinsi skripti inavyoisoma

Kivinjari kinapoomba ukurasa wa tovuti, seva lazima ijue jibu lipelekwe wapi. Mahali hapo pa kupelekea jibu hutajwa na anwani ya IP, na ndiyo sababu hakuna mgeni anayeingia kwenye tovuti bila kuacha anwani fulani mlangoni. Kabla herufi moja ya ukurasa haijasafiri, itifaki ya TCP huzitaka pande mbili zifuate hatua tatu zisizo mbali na hodi ya kawaida: kivinjari kinabisha, seva inaitikia “karibu” kwa kutuma pakiti kwenye anwani iliyobisha, kisha kivinjari kinathibitisha kwamba kimesikia. Anayebisha kwa anwani ya kughushi hasikii kuitikiwa. Pakiti huenda kwa mwingine na mazungumzo hufia hapo. Kwa hiyo anwani iliyokamilisha hatua hizo tatu ni kitu ambacho seva imekishuhudia yenyewe. Mengine yote yanayosemwa kuhusu mahali alipotoka mgeni ni habari ya kuambiwa, na ubora wa skripti katika kazi hii hupimwa kwa jinsi inavyoitunza tofauti hiyo.

Seva ya wavuti, iwe Apache au nginx, huikabidhi skripti anwani iliyoshuhudiwa kwa jina la REMOTE_ADDR. Jina hilo limetoka kwenye CGI, utaratibu wa mwaka 1993 wa kuunganisha seva na programu za nje, ambao baadaye uliandikwa katika waraka RFC 3875 wa Oktoba 2004. PHP imelirithi kama lilivyo. Si ajabu PHP kuwa lugha inayotajwa kwanza panapozungumzwa jambo hili: Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alipoandika programu zake za mwanzo mwaka 1994, shabaha yake ilikuwa kufuatilia wanaotembelea wasifu wake wa kazi aliouweka mtandaoni. Leo mstari mmoja unatosha:

<?php echo $_SERVER['REMOTE_ADDR']; ?>

Mgeni anayefungua ukurasa wenye mstari huo huona namba kama 203.0.113.45, ambayo ni moja ya anwani zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya vitabuni. Katika Django ya Python kitu hichohicho husomwa kwa request.META['REMOTE_ADDR'], na katika Node.js kwa req.socket.remoteAddress. Vitabu vya zamani vya PHP huonyesha $REMOTE_ADDR peke yake. Mtindo huo uliondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012, na anayeunakili leo hapati kitu.

Anwani hii si jina la mtu, wala si lazima iwe ya kifaa kimoja. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wake tayari: sanduku la posta. Barua za wanafunzi mia sita wa shule ya bweni hufika kwenye S.L.P. moja, na anayejua ipi ni ya nani ni karani wa shule, si posta. Ruta ya nyumbani au ya ofisini hufanya kazi ya karani huyo. Ndani, simu na kompyuta hutumia anwani za faragha, zile zinazoanza na 10, na 192.168, au zilizo kati ya 172.16 na 172.31, zilizotengwa na RFC 1918 ya mwaka 1996. Nje huonekana anwani moja tu.

Kampuni za simu hurudia kazi hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu anwani ni chache. Mfumo wa IPv4 una anwani 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu duniani. Akiba kuu iliyokuwa mikononi mwa IANA, mamlaka ya dunia ya kugawa anwani hizo, ilikwisha Februari 2011, na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linaloigawia Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Hivyo wateja wengi wa data za simu huwekwa pamoja nyuma ya anwani moja ya umma, na mwaka 2012 kundi la 100.64.0.0/10, lenye anwani 4,194,304, lilitengwa kwa matumizi ya ndani ya mitandao kama hiyo. Skripti inayomfungia mkorofi mmoja kwa anwani yake huenda inawafungia mlango wateja wengi wasio na hatia. Msimamizi asiyelijua hili huwadhulumu watu bila kukusudia, na wao hawana njia ya kujua kosa lao ni lipi.

Ugumu mwingine huanza pale katikati ya mgeni na skripti anaposimama mjumbe. Tovuti nyingi ziko nyuma ya Cloudflare au huduma ya aina hiyo, au nyuma ya proksi inayogawa maombi kwa seva kadhaa. Hapo anayebisha kwenye mlango wa skripti ni proksi, na REMOTE_ADDR hutaja anwani ya proksi kwa kila mgeni bila kubagua. Opera Mini ililileta jambo hili Afrika Mashariki tangu enzi za simu za vitufe: kivinjari hicho huchukua ukurasa kupitia seva za Opera, ambazo huubana kabla ya kuutuma kwenye simu ili usile data nyingi. Mgeni wa Mwanza na wa Kisumu walionekana wote wametokea kwenye seva za kampuni ileile, mbali kabisa na Ziwa Victoria.

Ili anwani ya asili isipotee njiani, watengenezaji wa proksi ya Squid walibuni kichwa cha ombi, yaani mstari wa maelezo unaosafiri na ombi, kiitwacho X-Forwarded-For. Kila proksi inayopokea ombi huongeza upande wa kulia anwani ya aliyeliwasilisha kwake. Mwaka 2014 kilitolewa kichwa rasmi cha kuchukua nafasi yake, Forwarded, kupitia RFC 7239, lakini kile cha zamani bado ndicho kilichoenea. Cloudflare ina chake pia, CF-Connecting-IP. PHP, kwa kufuata CGI, huvitia vichwa vya ombi alama ya HTTP_ mwanzoni, hivyo hiki husomwa kama $_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_FOR']. Alama hiyo yafaa isomwe kama onyo: chochote kinachoanza na HTTP_ kimesemwa na aliyetuma ombi, hakikuonwa na seva.

Onyo hilo halisikizwi. Kuna kipande cha PHP kinachonakiliwa kutoka tovuti hadi tovuti miaka nenda miaka rudi, ambacho huangalia kwanza HTTP_CLIENT_IP, kisha HTTP_X_FORWARDED_FOR, na vyote viwili vikikosekana ndipo hugeukia REMOTE_ADDR. Mpangilio huo umepinduliwa: unauliza kwanza maneno ya mgeni na kuuacha ushahidi wa seva mwisho kabisa. Udhaifu wake huonekana kwa amri moja:

curl -H "X-Forwarded-For: 198.51.100.7" https://www.example.com/ingia.php

Papo hapo skripti huamini kwamba mgeni ametoka 198.51.100.7. Kama ukurasa huo wa kuingilia unaruhusu majaribio matano ya nywila kwa kila anwani, mvamizi hubadilisha namba katika kila jaribio, na kikomo hakifikiwi kamwe. Tovuti ya kupigia kura washindani itahesabu kura elfu za mtu mmoja kama za wageni elfu. Ukurasa wa utawala ulioachwa wazi kwa 127.0.0.1, yaani kwa seva yenyewe, hufunguka kwa yeyote atakayeandika namba hiyo. Wala si lazima iwe namba. Kichwa cha ombi ni maandishi matupu, na aliyekituma anaweza kutia amri ya SQL au kipande cha JavaScript kitakachoamka siku msimamizi anapofungua orodha ya wageni wake.

Njia sahihi ni kuanza na REMOTE_ADDR na kuulizia kichwa pale tu anwani hiyo inapokuwa ya proksi inayojulikana na kuaminika. Orodha husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu cha mwisho kuandikwa ndicho kilichoandikwa na proksi ya mwenye tovuti. Tuseme proksi ina anwani 10.0.0.5, na mgeni wa 203.0.113.45 ametanguliza uongo wa 198.51.100.7. Skripti itapokea “198.51.100.7, 203.0.113.45”. Upande wa kulia pameandikwa kilichoshuhudiwa. Kushoto pameandikwa maneno ya mgeni. Kwa PHP:

$proksi = ['10.0.0.5'];
$mgeni = $_SERVER['REMOTE_ADDR'];
if (in_array($mgeni, $proksi, true)) {
    $orodha = explode(',', $_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_FOR'] ?? '');
    while ($orodha) {
        $anwani = trim(array_pop($orodha));
        if (!filter_var($anwani, FILTER_VALIDATE_IP)) break;
        $mgeni = $anwani;
        if (!in_array($anwani, $proksi, true)) break;
    }
}

Kitanzi huiruka kila proksi inayofahamika na kusimama kwenye anwani ya kwanza ya kigeni. Filter_var hukataa chochote kisicho anwani. Afadhali zaidi kazi hii ifanywe na seva yenyewe, ili kila skripti isijitungie hesabu zake. nginx inahitaji maagizo mawili, set_real_ip_from na real_ip_header, na Apache ina moduli ya mod_remoteip tangu toleo la 2.4. Seva ikishapangwa hivyo, REMOTE_ADDR hurudi kuwa anwani ya mgeni na skripti huisoma moja kwa moja bila kugusa vichwa.

IPv6 huongeza mambo mawili. Anwani zake zina biti 128 na huandikwa kwa tarakimu, herufi na nukta pacha, kama 2001:db8::1, na maandishi yake yanaweza kufika herufi 45. Safu ya hifadhidata iliyopimwa kwa herufi 15 za IPv4 huikataa au huikata katikati. Dawa ni kuigeuza kwa inet_pton na kuihifadhi kama baiti, 16 kwa IPv6 na 4 kwa IPv4, katika safu ya VARBINARY(16). Jambo la pili ni kwamba simu na kompyuta za kisasa hujibadilishia anwani ya IPv6 mara kwa mara kwa ajili ya faragha, zikibakiza nusu ya kwanza tu, ile inayotaja mtandao. Anayeweka kikomo cha majaribio kwa anwani nzima ya IPv6 amezuia kivuli. Kikomo kiwekwe kwa biti 64 za mwanzo.

Wenye tovuti wengi hawataki namba, wanataka mji. Zipo hifadhidata zinazokisia mahali kutokana na anwani, na kwa nchi hupatia mara nyingi. Kwa mji, na hasa kwa data za simu, mteja wa Kigoma huweza kuonekana yuko Dar es Salaam, kwa kuwa mtandao wake unatokea nje huko. Hatari ya kuuchukua ukisiaji huo kama ukweli ilidhihirika mwaka 2016. Kampuni ya MaxMind ilikuwa imeziweka anwani ambazo habari yake pekee ilikuwa kwamba ziko Marekani kwenye nukta moja katikati ya nchi hiyo, na nukta ile ikaangukia shamba karibu na Potwin, jimbo la Kansas. Zaidi ya anwani milioni 600 zilielekezwa pale, na kwa miaka watu wa shamba hilo waliandamwa na polisi na wapelelezi waliokuja kutafuta wezi na matapeli. Kosa lilikuwa la wasomaji pia: walisahau kwamba nukta kwenye ramani haionyeshi upana wa kutojua kulikokuwa nyuma yake.

Kuulizia jina la anwani kwa gethostbyaddr huchelewesha ukurasa na kwa kawaida hakuongezi cha maana, isipokuwa kumtambua roboti anayejiita Googlebot: jina lililopatikana lazima liwe la Google, kisha huulizwa tena anwani yake, na zikilingana ndipo anapoaminika.

Kumbukumbu ya ujio wa mgeni haikamiliki kwa anwani peke yake. Kwa sababu wateja wengi hutumia anwani moja kwa wakati mmoja, RFC 6302 ya mwaka 2011 ilishauri seva ziandike pia namba ya poti ya mgeni, ambayo PHP huitoa kama REMOTE_PORT, na saa sahihi hadi sekunde. Bila vitu hivyo kampuni ya simu haiwezi kumtambua mteja hata ikiletewa amri ya mahakama. Saa nayo iandikwe pamoja na ukanda wake. Ujio wa 14:05:09 UTC ni 17:05:09 ya Afrika Mashariki, ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huitaja saa kumi na moja na dakika tano jioni. Malalamiko ya mteja yanapofika kwa simu, hesabu ni mbili, na kosa la saa sita au tatu humwelekeza mtafutaji kwa mtu asiyehusika.

Sheria huhesabu anwani kuwa inaweza kumtambulisha mtu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2016, katika kesi ya Breyer dhidi ya Ujerumani, kwamba hata anwani inayobadilika huweza kuwa taarifa binafsi pale mwenye tovuti ana njia halali ya kumfikia mhusika kupitia mtoa huduma wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataja vitambulisho vya mtandaoni miongoni mwa vinavyomtambulisha mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa takwimu za wageni inatosha kuifuta namba ya mwisho, 203.0.113.45 ikawa 203.0.113.0. Kuigeuza kwa SHA-256 pekee hakuifichi: kompyuta ya kawaida hupitia anwani zote bilioni nne za IPv4 kwa muda mfupi na kuipata ileile, hivyo lazima uongezwe ufunguo wa siri, kwa hash_hmac. Kumbukumbu za Apache na nginx kwa kawaida hupangwa zizungushwe na kufutwa zenyewe baada ya siku kadhaa, lakini anwani ambazo skripti imezitia kwenye hifadhidata hazifutwi na yeyote, mpaka aliyeandika amri ya kuingiza aandike na ya kufuta.