Hali fiche ina kazi zaidi saiba kuliko kwenye simu yako

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kwa wengi wanaofanya kazi viwandani Baba Dogo, kompyuta ya karibu ni ile ya saiba. Mtu anaketi, anaingia iTax, tovuti ya kufaili ritani, anafungua barua pepe yake kutafuta nenosiri alilolisahau, anaprinti risiti na kuondoka. Anayengoja nyuma yake anakikalia kiti papo hapo. Hali fiche (incognito) ya kivinjari iliundwa kwa ajili ya watu wawili kama hao. Ajabu ni kwamba wengi wanaoifahamu huitumia kwenye simu zao wenyewe, wakiamini wamejificha wasionekane na kampuni ya mtandao wala Google.

Hali hiyo si ngeni. Safari ya Apple ilikuwa nayo mwaka 2005, Chrome ikaja nayo 2008. Kwenye kompyuta za saiba, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja ndani ya Chrome. Dirisha jeusi lenye alama ya kofia na miwani litafunguka. Kwenye Firefox, weka P badala ya N. Kuanzia hapo kivinjari hakiandiki kurasa ulizotembelea wala ulichojaza kwenye fomu. Vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti hutumia kukutambua kwamba umeshaingia, hutunzwa kwa muda tu na kufutwa dirisha likifungwa.

Vidakuzi ndivyo vya kuogopwa zaidi. Katika dirisha la kawaida, kufunga ukurasa wa barua pepe hakukutoi kwenye akaunti. Anayefuata akiandika anwani ileile, anapokelewa kwa jina lako. Na akishaingia kwenye barua pepe yako, ameshika mlango wa akaunti nyingine nyingi, kwa sababu ukibofya kwamba umesahau nenosiri, maelekezo ya kupata jipya hutumwa hukohuko.

Kuna mtego ambao hata wahudumu wa saiba wengi hawaujui. Katika Chrome, madirisha yote fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi vilevile. Ukifunga lako huku jingine limebaki chini ya skrini, limeachwa na mteja wa asubuhi, hakuna kilichofutwa. Mteja mwingine akifungua dirisha fiche jipya, anakukuta bado umo. Hakikisha la mwisho limefungwa. Bora zaidi, toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge.

Faili ulizopakua hazifutwi. Risiti ya KRA, cheti cha PIN, fomu ya cheti cha tabia njema kutoka eCitizen, vyote vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa, na jina lako juu. Mara nyingi folda hiyo ndiyo rejista kamili ya wateja wa juma zima. Futa yako, kisha futa tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Na ile picha ya kitambulisho uliyomtumia mhudumu kwa WhatsApp ili akuprintie? Hiyo haikupita kwenye kivinjari chako kabisa. Iko kwenye simu yake. Mwambie aifute ukiwa umesimama pale. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai hivyo data isipohitajika tena, na mhudumu mwungwana hatakasirika.

Kuhusu kujificha kutoka kwa kampuni za mtandao, sahau. Anayekuuzia bando huona umekwenda tovuti gani, ingawa kwa tovuti salama haoni ulichosoma ndani yake. Mwenye waifai ya ploti naye anaweza kuona hivyohivyo. Tovuti yenyewe inaiona anwani yako ya intaneti, na ukiingia kwa akaunti yako umejitambulisha mwenyewe. Mwaka 2020 watumiaji wa Chrome nchini Marekani waliishtaki Google wakisema ilikusanya taarifa zao hata wakiwa katika hali fiche. Mwaka 2024, katika makubaliano ya kumaliza kesi, Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kuandika maelezo yaliyo wazi zaidi kuhusu inachokusanya.

Wala hali hiyo haiwezi kitu dhidi ya programu iliyofichwa kwenye kompyuta ili kunasa kila kitufe unachobonyeza. Kwa sababu hiyo mimi singeingia akaunti ya benki kwenye kompyuta ya saiba, fiche au isiyo fiche. Ritani, sawa, kisha ubadilishe nenosiri ukiwa kwenye simu yako. Na kama uliunganisha WhatsApp na kompyuta ya saiba kwa kuskani msimbo, kabla ya kutoka fungua simu, uingie kwenye vifaa vilivyounganishwa na uiondoe kompyuta hiyo kwenye orodha.