Boisbuchet: shamba la Ufaransa ambapo wanafunzi wa sanaa hujifunza kujenga kwa mianzi na karatasi

Mwanafunzi wa sanaa anayefika Boisbuchet mara ya kwanza anaweza kutafuta jengo la chuo na asilione. Anakuta mashamba, msitu, mto Vienne na jumba kubwa la karne ya 19. Tuko Lessac, kijiji cha magharibi mwa Ufaransa, mbali sana na Paris. Kila majira ya joto, wanafunzi na wataalamu kutoka nchi mbalimbali huja hapa kwa wiki moja moja kujifunza ubunifu wa vifaa na usanifu wa majengo. Kituo hiki kilianzishwa na Mjerumani Alexander von Vegesack, mkurugenzi wa kwanza wa Vitra Design Museum, jumba la makumbusho lililofunguliwa Ujerumani mwaka wa 1989.

Masomo ni kazi ya mikono. Kilichochorwa lazima kijengwe, na kikianguka, mchoro unarekebishwa. Hata majengo yaliyotawanyika kwenye uwanja ni mafunzo tosha: ya mianzi, yaliyobuniwa na Simón Vélez wa Kolombia, nyumba ya Kijapani iliyofunguliwa vipande vipande kwao na kusimamishwa upya hapa, na nyumba ndogo ya mirija ya karatasi, kazi ya Mjapani Shigeru Ban ya mwaka wa 2001.

Hiyo nyumba ya karatasi ndiyo imetufanya tuandike habari hii, kwa sababu hadithi yake inapita karibu na kwetu.

Baada ya vita ya mwaka wa 1994, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liligawa maturubai na nguzo za aluminiamu huko Rwanda. Wakimbizi wakauza nguzo, maana aluminiamu ina bei, kisha wakakata miti kusimamisha turubai. Nani angewalaumu? Ban akapendekeza nguzo za karatasi ngumu, kama mrija unaobaki dukani kitambaa chote kikiisha kuuzwa. Karatasi haina mnunuzi. Mwaka wa 1999, vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa kambini Byumba, kaskazini mwa Rwanda, ili kuona kama vitashinda unyevu na mchwa. Byumba hiyo hiyo ndiyo yenye mlima wa Gihembe, ambako Wakongomani waliokimbia Kivu ya Kaskazini walipokelewa tangu mwisho wa 1997. Mwaka wa 2014 Ban alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika kazi yake.

Aliyeona kambi zilizokuwa pembeni ya Goma, kama Kanyaruchinya au Bulengo, anaijua shida hii bila kufundishwa: turubai jeupe, vijiti vilivyopinda, na mawe ya volkeno yanayokataa kuingiza kijiti. Miti ya Virunga nayo ilizidi kupungua.

Ni kweli, mwanafunzi wa Bukavu au Butembo hafiki Lessac kirahisi. Viza peke yake ni safari ndefu. Lakini si lazima kwenda Ulaya ili kujifunza hivi. Ilima, katika jimbo la Tshuapa, shule ya msingi iliyokamilika mwaka wa 2015 ilijengwa na wanakijiji pamoja na wasanifu wa MASS Design Group, kwa udongo na mbao za hapo hapo, kwani kufikisha saruji kule ni taabu kubwa.

Kwetu mianzi inaota milimani, na wafuma vikapu wanaijua kuliko mwalimu yeyote. Chuo kimoja tu kikipeleka wanafunzi wake kijijini wiki moja, pamoja na fundi seremala na mfuma vikapu, wajaribu kusimamisha kibanda juu ya mawe ya Nyiragongo bila kukata mti hata mmoja wa hifadhi, tutarudi kuandika kama kilisimama au kilianguka.