Msamaha wa Wazee Uwafikie Majumbani

Sheria ya kodi ya majengo ina fungu la huruma ambalo wazee wengi wa visiwani hawajalisikia. Mzee aliyetimiza umri wa miaka 60, asiye na kipato, husamehewa kodi ya nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato naye amekumbukwa vivyo hivyo. Msamaha huu ni haki, si sadaka. Hata hivyo hauji wenyewe. Hauna budi kuombwa, na asiyeuomba huendelea kukatwa kodi kama watu wengine.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Mafia, na kwa ajili ya watumishi wa umma wenye dhamana ya kuwahudumia.

Kwanza tuseme waziwazi kwamba hatuungi mkono ukwepaji wa kodi. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Barabara, zahanati na madarasa havijengwi kwa hotuba. Mwenye nyumba ya kupangisha, mwenye duka na mwenye nyumba ya wageni wana wajibu wa kulipa, hata wakiwa na mvi kichwani. Hoja yetu inamhusu mzee ambaye sheria yenyewe imekwisha kumwondolea mzigo, lakini mzigo huo ungali begani mwake.

Kodi juu ya nyumba ina historia ndefu katika nchi yetu, na si historia ya kufurahisha. Wajerumani walitoza kodi ya kibanda tangu mwaka 1898, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumlazimisha mwananchi kutafuta fedha kwa kufanya vibarua vya mkoloni. Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Serikali za mitaa ziliporejeshwa katika miaka ya 1980, Bunge lilitunga Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na Sheria ya Kodi ya Majengo ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983, ili mapato ya majengo yaendeshe huduma za wananchi. Mwezi Julai 2016 kazi ya kukusanya kodi hiyo ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwezi Agosti 2021, kodi ilipoanza kukatwa kwa njia ya LUKU, yaani wakati mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kila mwezi, na jengo la ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Kwa hiyo nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka.

Utaratibu huo una manufaa yake, nasi hatuyakatai. Umeondoa usumbufu wa kupanga foleni, umepunguza nafasi ya rushwa, na umewafikia wengi waliokuwa wakijificha. Lakini mita ya umeme haina macho. Inaitambua nyumba, haimtambui aliyemo. Haijui kama mnunuzi ni mfanyabiashara wa Kilindoni mwenye mapato ya kila siku, au ni ajuza wa miaka 78 ambaye nguvu za kuchuma zimekwisha na anategemea minazi michache aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Tuchukue mfano wa ajuza wa namna hiyo. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam amempelekea fedha kidogo, naye akamtuma mjukuu akamnunulie umeme wa shilingi 2,000. Ikiwa ndiyo mara ya kwanza kununua umeme mwezi huo, shilingi 1,500 huenda kwenye kodi, na umeme aupatao ni wa shilingi 500 tu. Akipitisha miezi miwili bila kununua, kodi ya miezi hiyo humngoja. Mjukuu hurudi na tarakimu chache, na bibi hudhani ameibiwa dukani. Hakuna aliyemwibia. Lakini hakuna pia aliyemweleza kwamba sheria ilikuwa imemsamehe.

Watu watauliza: kwa nini haendi kuomba? Jibu ni jiografia pamoja na makaratasi. Mzee wa Bweni, iliyo ncha ya kaskazini ya kisiwa, hana budi kusafiri urefu wote wa Mafia mpaka Kilindoni. Shauri likihitaji kupelekwa ngazi ya mkoa, Kibaha iko ng'ambo ya bahari, na safari yake hupitia Nyamisati. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na siku nzima ya kuhangaika vyaweza kumeza kiasi kikubwa cha kile anachokwenda kukiokoa. Mwenye akili timamu hupiga hesabu hiyo, kisha hubaki nyumbani.

Hata akifika, hukutana na swali gumu zaidi: nyumba hii ni ya nani? Katika visiwa vyetu nyumba nyingi hazina hati. Nyingine zimeandikwa jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita na mirathi yake haijagawanywa. Mita nayo huenda ina jina la kijana aliyeshughulikia kuvuta umeme. Mjane ameishi ndani ya kuta hizo miaka 50, amezaa humo na amezika humo, lakini kwenye karatasi si mwenye nyumba. Kijiji kizima kinamjua. Ni daftari tu lisilomjua.

Hapo ndipo watumishi wa umma wanapopaswa kuonyesha kwamba utumishi si kukaa mezani. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, maofisa wa kodi wapange siku maalumu kila mwaka za kwenda vijijini, wakiwa pamoja na mtendaji wa kijiji, kuwaorodhesha wazee wanaostahili. Kitambulisho cha Taifa kinaonyesha tarehe ya kuzaliwa, na namba ya mita imo nyumbani kwa mzee. Kazi hiyo haihitaji mzee avuke maji.

La pili, ushahidi wa uongozi wa kijiji ukubaliwe pale ambapo hati haipo au mirathi haijakamilika, hasa kwa wajane. Majirani ndio wajuao nani anaishi wapi na kwa riziki gani.

La tatu, orodha ya waliosamehewa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Hiyo itakuwa dawa ya udanganyifu. Wapo watoto wenye kipato kizuri ambao watapenda kuiandika nyumba yao ya kupangisha kwa jina la mama mzazi. Jina likiwa hadharani, hila hiyo haitadumu.

La nne, mzee akishakubaliwa, makato yasimamishwe kwenye mita yake bila kuchelewa, naye apewe maandishi ya kumthibitishia hivyo.

Kwa upande wa wananchi, tunawaasa vijana wasiwaachie wazee jambo hili peke yao. Kijana anayemnunulia bibi yake umeme kwa simu aisome risiti mpaka mwisho, aone kilichokatwa. Akiona kodi ya majengo imo, na bibi ana miaka 60 au zaidi naye hana kipato, ampeleke au amwandikie ombi. Hiyo ni sehemu ya kuwatunza wazazi, sawa na kuwapelekea unga na sukari.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wazee kuwa hazina ya taifa. Shilingi 1,500 kwa mwezi haitaitikisa hazina ya Serikali. Kwa ajuza mwenye taa moja sebuleni, fedha hiyo ni tofauti kati ya kuwasha na kukaa gizani. Bunge limekwisha kutoa msamaha. Kilichobaki ni kuufikisha mlangoni, na safari hiyo ni ya ofisa mwenye miguu yenye nguvu, si ya mzee mwenye mkongojo.