Ng'ombe Kando ya Kijito: Namna ya Kuitazama Picha ya Malisho

Seminarini tunaposema "kazi za kichungaji" tunamaanisha kuwahudumia waamini. Katika uchoraji, picha ya kichungaji ni ile yenye mifugo, malisho na maji. Asili ni moja: neno la Kilatini pastor, yaani mchungaji.

Picha hiyo ikiwa ya rangi za maji, tazama kwanza penye mwanga. Rangi hizi ni nyepesi, na karatasi huonekana chini yake. Ndiyo maana mng'ao wa kijito mara nyingi ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Mchoraji huamua mapema mahali pa kuacha, maana rangi ikishanywewa na karatasi ni vigumu kuiondoa. Ng'ombe nao wana kazi: weusi wa miili yao huyafanya maji yang'ae zaidi, na kwa kimo chao tunakadiria umbali wa vilima.

Kisha uliza: ng'ombe hawa ni wa nani? Mwingereza Samuel Palmer, aliyezaliwa mwaka 1805, aliishi miaka kadhaa katika kijiji cha Shoreham, Kent, akichora mashamba na mifugo kana kwamba ni bustani ya Edeni. Lakini mwaka 1830 vibarua wa Kent, kwa ujira mdogo na njaa, walivunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma marundo ya mazao. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, sheria za Bunge ziliruhusu ardhi ya pamoja izungushiwe ua, na maskini wengi wakakosa pa kulishia hata ng'ombe mmoja. Utulivu wa picha zile, basi, si habari yote ya Kent.

Hata hivyo, tusimhukumu haraka. Palmer alitafsiri mashairi ya kichungaji ya Virgil, na kitabu kikatoka mwaka 1883, miaka miwili baada ya kifo chake. Humo aliyefukuzwa yumo tangu shairi la kwanza: mchungaji mmoja amepumzika kivulini, mwenzake anaswaga mbuzi kwenda ugenini, kwani shamba lake limepewa askari. Wa kivulini anamkaribisha alale kwake usiku ule mmoja. Kuna matunda na jibini ya kutosha. Habari za kesho yake hatuambiwi.