Je, Wajua? Dodoma, Masaka na Malindi Waliwahi Kuwa Farasi

Je, wajua kwamba miaka mingi kabla ya 1973, Dodoma ilipotangazwa kuwa makao makuu ya nchi, kulikuwa na Dodoma mwingine mwenye kwato? Alikuwa farasi jike wa mbio, mali ya Aga Khan III. Dodoma alimzaa Diableretta, Diableretta akamzaa Ginetta, Ginetta akamzaa Nasreen, Nasreen akamzaa Sharmeen, na Sharmeen, mwaka 1978, akamzaa Shergar. Huyo Shergar ndiye aliyeshinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 1981, akiwaacha wenzake urefu wa farasi 10. Hajatokea mpaka sasa aliyeishinda Derby hiyo kwa mwanya mkubwa kuliko huo. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye silaha walimwiba zizini huko Ireland, na hadi leo hata mfupa wake haujaonekana.

Je, wajua mwenye farasi hao alikuwa mgeni wa kawaida kwetu? Aga Khan III ndiye aliyekuwa imamu wa Waismailia, na Agosti 1946 waumini wake wa Afrika Mashariki walimweka kwenye mizani Dar es Salaam wakampima kwa almasi, kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Ule Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga, unakokwenda kula pilau la harusi za watu, jina lake limetoka kwenye sherehe hizo. Derby ya Epsom aliishinda mara 5: Blenheim (1930), Bahram (1935), Mahmoud (1936), My Love (1948) na Tulyar (1952).

Je, wajua habari za Masaka? Huyu ndiye nyota wa safu ya leo. Alizaliwa 1945, na jina lake ni lile lile la mji wa Masaka, Uganda. Juni 1948, akiwa na umri wa miaka 3, aliingizwa kwenye Oaks, mbio za majike watupu za karibu mita 2,400, zinazokimbiwa Epsom tangu 1779, mwaka mmoja kabla ya Derby yenyewe kuanzishwa. Mpanda farasi alikuwa Billy Nevett, mtu wa kaskazini mwa Uingereza ambaye tayari alikuwa na Derby 3 za miaka ya vita. Masaka alishinda kwa mbali. Aliyemfuata, akila vumbi lake, aliitwa Angelola, na Angelola alikimbia kwa rangi za Mfalme George wa Sita. Naam: Tanganyika na Uganda zikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, farasi mwenye jina la mji wa Buganda alimwacha nyuma farasi wa mfalme, nyumbani kwa mfalme. Wiki hiyo hiyo My Love akachukua Derby. Kisha Masaka akavuka maji na kushinda Oaks ya Ireland, mbio ambazo mama yake Majideh alizishinda 1942.

Kushinda kwa mama na kwa binti hakukuwa bahati. Baba yake Masaka alikuwa Nearco, dume la Kiitaliano lililokimbia mara 14 na kushinda mara 14. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Nearco alijengewa handaki lake mwenyewe huko Newmarket la kujikinga na mabomu, jambo ambalo binadamu wengi wa zama hizo hawakulipata. Upande wa mama, Majideh ni binti wa Mahmoud, yule wa Derby ya 1936, ambaye muda wake wa dakika 2 na sekunde 33.8 haukuvunjwa Epsom hadi 1995. Na Majideh hakuishia kwa Masaka. Mwaka 1954 alimzaa Gallant Man, aliyeshinda Belmont Stakes huko Marekani mwaka 1957. Baba wa Gallant Man? Migoli, mshindi wa Prix de l'Arc de Triomphe ya 1948. Msomaji wa Iringa ameshatabasamu, maana Migoli anaijua.

Malindi naye alikuwepo, ndugu wa Dodoma tumbo moja, wote watoto wa Mumtaz Begum. Kaka yao Nasrullah ndiye babu wa Secretariat, yule Mmarekani wa 1973 aliyewaacha wenzake urefu wa farasi 31. Kwa hesabu ya kwetu, basi, Dodoma ni shangazi wa baba yake Secretariat.

Je, wajua kwamba watu wa farasi hawahesabu undugu kama sisi? Mjini Moshi ukijitambulisha kwa jina la ukoo, mwenyeji ameshajua kwenu: Swai, anawaza Machame, Lyimo, anawaza Marangu. Ukoo unakwenda kwa baba na kihamba, yaani shamba la ukoo, kinarithiwa kwa baba. Kwa farasi wa mbio, wawili waliochangia baba peke yake hawaitwi ndugu kabisa, kwa kuwa dume moja linaweza kuwa na watoto mamia. Ndugu ni waliotoka tumbo moja. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo mwenye jike bora ana mali adimu kweli kweli. Kupandikiza mbegu kwa mrija, kama tunavyowafanyia ng'ombe wetu wa maziwa huku mlimani, ni marufuku kwa farasi hawa: mtoto wa namna hiyo haandikwi kwenye daftari la ukoo, na asiyeandikwa hakimbii.

Je, wajua kwamba mbio hizi ziko karibu na Moshi kuliko unavyodhani? Nenda Nairobi, uwanja wa Ngong, uliofunguliwa 1954. Kabla ya uwanja huo, mwaka 1926, kwenye mbio za St Leger za Kenya, jike aitwaye Wise Child aliingizwa na mkufunzi wa miaka 23, Beryl Markham, mwanamke aliyepata leseni yake akiwa na miaka 18. Wise Child alikuwa na mbio, ila kano za miguu yake zilikuwa mbovu kiasi kwamba kila mazoezi yalikuwa kamari. Mpinzani mkubwa alikuwa Wrack, dume ambalo Beryl mwenyewe alilifunza, kisha mwenye farasi akamnyang'anya wiki chache kabla ya shindano. Sonny Bumpus ndiye aliyekaa kwenye tandiko. Karibu na mwisho miguu ya Wise Child ilianza kulegea, Wrack akaja kwa kasi, lakini jike akafika kwanza. Miaka 10 baadaye Beryl akaruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada, na dunia ikamjua kwa hilo. Nairobi wao waliendelea kumjua kwa farasi: Derby ya Kenya aliishinda mara 6.

Kwa nini basi Moshi haina uwanja wa farasi? Muulize usubi. Mdudu huyu mdogo anayeuma kuanzia magharibi hadi alfajiri hueneza virusi vya ugonjwa ambao huweza kuua farasi 9 kati ya 10 walioambukizwa. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila hata kukohoa, punda wa kawaida wengi hupona, farasi hufa mapafu yakiwa yamejaa maji na povu likimtoka puani. Mwaka 1987 ugonjwa huo uliingia Hispania pamoja na punda milia waliotoka Namibia. Ongeza mbung'o wa nyikani na ugonjwa wake wa nagana, utaelewa yaliyowapata askari wa farasi wa Afrika Kusini walioingia Moshi katikati ya Machi 1916 wakiwafukuza Wajerumani. Mwezi uliofuata walielekea Kondoa Irangi katika masika, na njiani walipoteza farasi kwa mamia.

Ndiyo maana farasi wa huku unawakuta zaidi mlimani, penye baridi kidogo na chanjo. Shamba la Makoa, upande wa Machame, hutembeza wageni kwa farasi kati ya migomba na kahawa. Popote penye usubi, msaisi makini huwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama na kuwatoa asubuhi jua likishapanda.

Je, wajua kwamba mjukuu wa mwenye Dodoma naye alikuwa mtu wa huku? Aga Khan IV alilelewa Nairobi wakati wa vita, na Oktoba 1957 alisimikwa Dar es Salaam. Jike lake Zarkava lilikimbia mara 7 tu, likashinda zote 7, ya mwisho ikiwa Prix de l'Arc de Triomphe ya 2008, kisha likastaafu na kwenda kuzaa. Mama zake wanarudi hadi kwa Mumtaz Mahal, aliyezaliwa 1921, ambaye pia ni bibi wa Dodoma.

La mwisho, kwa mwenye ndoto na pesa: jina la farasi wa mbio halizidi herufi 18, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa. "Mlima Kilimanjaro" ni 17.