Jinsi Kijidudu cha Malaria Kinavyojilisha Ndani ya Damu

Mkulima wa Kakuyuni, magharibi ya mji wa Malindi, aonapo punje ya hindi yenye tundu dogo hujua mara moja ya kuwa fukusi ameingia, naye hubakiza ganda tu. Hivyo ndivyo kifanyavyo kijidudu cha malaria ndani ya chembe nyekundu ya damu, ila ujanja wake ni mkubwa zaidi.

Mbu jike wa aina ya Anofelesi amwumapo mtu humtia vijidudu, navyo hujificha kwanza katika ini kwa muda wa juma moja hivi, pasipo homa. Vitokapo huko, kila kimoja hujipenyeza katika chembe nyekundu. Ile aina iuayo zaidi katika Afrika hukaa humo saa 48 hivi, huzaana, kisha huipasua chembe; hapo ndipo mgonjwa atetemekapo.

Chembe hiyo imejaa himoglobini, ile protini nyekundu ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Kijidudu huimeza kidogo kidogo, huitia katika kifuko kilicho mfano wa tumbo, na kuikatakata kiupate mwili. Lakini himoglobini ya mtu mzima haina kabisa aisolusini, ambayo kijidudu hakiwezi kukua bila hiyo. Basi hutoboa njia katika ngozi ya chembe, kikavuta mahitaji hayo kutoka maji ya damu yaliyo nje. Kwa njia hizo hizo hupata vitu vingine pia. Tena ni mlafi wa sukari: chembe yenye kijidudu hutumia sukari mara nyingi sana kuliko chembe nzima.

Mtoto mwenye malaria kali, aliyeshinda bila kula, na ambaye ini lake halitengenezi sukari ya kutosha, aweza kuishiwa na sukari ya damu hata akazimia au kushikwa na degedege. Wazee wengi wa pwani walisema ni nyuni, yaani ndege mbaya aliyempitia mtoto. Hospitalini hutiwa maji ya sukari mshipani, na kila saa inayopotea njiani ni ya hatari. Huko Kilifi wachunguzi wa KEMRI wamekuwa wakitazama malaria kali ya watoto tangu mwaka 1989.

Mlo huo una takataka yake. Himoglobini ikikatwa huacha kitu chenye chuma, nacho ni sumu kwa kijidudu chenyewe. Kwa hiyo hukigandisha kuwa vipunje vyeusi. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipoviona vijidudu hivyo huko Algeria mwaka 1880, alivitambua kwa weusi huo. Dawa ya klorokwini ilizuia ugandishaji, kijidudu kikafa kwa uchafu wake. Lakini vingine vikajua kuitoa dawa hiyo tumboni mwao, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza.

Mwaka 2004 serikali ilichagua dawa ya mchanganyiko wenye atemetha na lumefantrini. Atemetha huamshwa na chuma kile kile cha mlo. Hunywewa mara 6 kwa siku 3, hata kama mtoto amekwisha kuanza kucheza siku ya pili. Nayo huingia mwilini vizuri zaidi ikinywewa pamoja na kitu chenye mafuta, kama maziwa au wali wa nazi.