Safari za kikazi Bukoba na Muleba: Kwa nini ratiba moja haitoshi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Kibali cha safari ya kikazi huwa na tarehe moja ya kuondoka na tarehe moja ya kurejea. Kwa mtumishi anayetoka Dar es Salaam au Mwanza kwenda Bukoba, na kutoka hapo kwenda Muleba na visiwa vyake, tarehe hizo hutegemea ndege, meli, barabara na mtumbwi, na mara nyingi ziwa ndilo lenye neno la mwisho. Makala haya yanaeleza kwa nini safari za ukanda huu hubadilika mara kwa mara, na namna ya kuzipanga ili mwananchi anayesubiri huduma asiumie kwa mabadiliko hayo.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Usiku, upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu mazito ya mvua na radi. Upepo wa jumla wa ukanda huu, unaotoka mashariki, huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma, iliyo ng'ambo ya mashariki ya ziwa hilohilo, hupata takriban nusu yake. Ndiyo maana pia mvua za Bukoba hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi, saa ambazo wasafiri wengi hupanga kuwasili. Miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, ndiyo yenye mashaka zaidi. Wenyeji wanaosubiri senene mwezi Novemba hawahitaji kuambiwa hilo.

Tarehe 6 Novemba, 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kupitia Mwanza ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, na wavuvi waliokuwa karibu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa. Miaka 26 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Ajali hizo mbili hazifanani kwa chanzo. Hata hivyo, mkoa uliozika watu wengi kiasi hicho una haki ya kumtazama kwa mshangao abiria anayemfokea mhudumu kwa sababu chombo kimechelewa. Uamuzi wa kuondoka, kusubiri au kugeuza ni wa rubani na nahodha, na kikao cha saa nne asubuhi si hoja ya kuwasukuma.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku 5 mfululizo, kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na taarifa za upepo na mawimbi kwa watumiaji wa Ziwa Victoria. Mwenye safari ausome utabiri huo kabla ya kukata tiketi, si akiwa tayari kwenye foleni ya kupanda.

Habari njema ni kwamba njia mbadala sasa zina nguvu kuliko zamani. Meli ya MV Victoria ilirejea katika safari za Mwanza, Kemondo na Bukoba mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Kwa upande wa barabara, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni, 2025. Kabla yake, magari yalisubiri kivuko, na aliyekwama hapo hakuweza kumwahidi mwenyeji wake saa ya kufika. Leo, abiria ambaye ndege yake imeishia Mwanza anaweza kuendelea kwa gari kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo, ingawa ni safari ya kutwa.

Hapa lipo jambo dogo ambalo wapangaji wengi hulisahau. Anayekwenda kwa ndege hufika Bukoba kwanza, kisha huteremka kusini hadi Muleba. Anayekwenda kwa barabara kutoka Mwanza huikuta Muleba kabla ya Bukoba. Kwa hiyo, safari ya anga inapofutwa, si lazima kazi nzima isogezwe mbele. Huenda ikatosha kugeuza mpangilio, yaani kuanza na Muleba na kumalizia Bukoba. Hilo linawezekana tu ikiwa ofisi zote mbili zilijulishwa mapema kwamba siku zao zinaweza kubadilishana.

Visiwani ndiko hesabu inakuwa ngumu. Wilaya ya Muleba ina kata zilizo ndani ya ziwa, zikiwemo Bumbire, Ikuza, Kerebe, Mazinga na Goziba. Timu ya chanjo inapoahirisha safari kwa sababu ya mawimbi, imefanya sawa. Lakini huenda mama aliyetoka kambi ya jirani na mtoto mgongoni ameshalipa nauli ya mtumbwi, na wiki ijayo asiwe nayo. Zaidi ya hayo, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, ambapo baadhi yao huvuka kwenda nchi kavu. Mkutano wa hadhara uliosogezwa kwa siku 7 unaweza kuangukia wakati ambao wanaume wote wamelala mchana baada ya kazi ya usiku, au hawapo kabisa. Tarehe mpya isichaguliwe kwa kalenda ya ofisi peke yake; wenyeji waulizwe kuhusu mwezi.

Wakati mwingine si hewa wala maji. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Kagera tarehe 21 Machi, 2023, ulipangua ghafla kazi za wataalamu wa afya mkoani hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki. Katika hali kama hiyo, safari isiyo ya lazima hukaa kando bila mjadala.

Kuhusu fedha, mtumishi aliyechukua masurufu awe mwangalifu. Siku zikiongezeka, kibali kiombwe kwa maandishi kabla ya kuzitumia. Safari ikifutwa, fedha zirejeshwe kwa utaratibu wa ofisi. Tiketi pamoja na taarifa ya kuahirishwa kwa safari vitunzwe, kwa kuwa mkaguzi hatakuwepo siku ya mawimbi.

Hatua ambayo haigharimu chochote, na ambayo husahaulika zaidi, ni taarifa kwa wanaosubiri. Pindi safari inapoahirishwa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni wapigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama tarehe mpya haijapatikana. Kwa aliye Goziba, kujua jioni kwamba wageni hawaji kesho kunatosha kumrudisha shughulini kwake alfajiri.